Je, Wajua? Tarime na Serengeti, Ambako Aliyeshindwa Hurudi Tena

Je, wajua kwamba Tanzania haina seneta hata mmoja, lakini mkazi wa Sirari, wilayani Tarime, akivuka mpaka kwa miguu anaingia kwenye eneo lenye seneta wake? Ng'ambo ni Isebania, Kaunti ya Migori, Kenya. Wakurya wako pande zote mbili. Wanaoleana, wanazikana, na soko moja linawakutanisha. Siku ya uchaguzi ndipo wanapoachana. Mkurya wa Tarime anapewa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Ndugu yake wa Kuria Mashariki anapewa sita, na mojawapo ni ya seneta.

Seneti ya Kenya ilizaliwa na uhuru mwaka 1963, ikafutwa mwaka 1966 kwa kuunganishwa na bunge la chini, kisha ikarudi mwaka 2013 chini ya Katiba ya 2010. Seneta wa kwanza wa Migori alikuwa Dk. Wilfred Machage, Mkurya aliyewahi kuwa mbunge wa Kuria, akichaguliwa na kaunti ambayo wapiga kura wake wengi ni Wajaluo. Aliyemfuata, Ben Oluoch Okello, alifariki Juni 2018 kabla ya kumaliza hata mwaka mmoja kitini. Uchaguzi mdogo ukafanyika tarehe 8 Oktoba 2018. Ochillo Ayacko wa ODM akapata kura 85,234, na kijana Eddy Oketch, aliyesimama kwa chama kidogo cha Federal Party of Kenya, akapata 60,555. Kwa mgombea wa chama kisicho na jina katika ngome ya ODM, hizo si kura za kubeza.

Sasa tazama kilichofuata. Mwaka 2022 Ayacko aliwania ugavana akashinda. Oketch alirudi kuutaka useneta uleule, na akaupata, akiwa na tiketi ya ODM, yaani chama kilichombwaga miaka minne kabla. Liweke hilo akilini, kwa sababu upande wa Tanzania wa mpaka huohuo limetokea zaidi ya mara moja.

Je, wajua kwamba mbunge aliyeshinda Tarime Vijijini mwaka 2020 kwa tiketi ya CCM aliwahi kushindwa na CCM palepale Tarime? Ni Mwita Waitara. Mwaka 2010, Tarime ikiwa bado jimbo moja, alisimama kwa Chadema akashindwa na Nyambari Nyangwine wa CCM. Waitara hakukata tamaa, ila alibadilisha uwanja. Mwaka 2015 alikwenda Ukonga, Dar es Salaam, akamshinda Jerry Silaa na kuingia bungeni, bado akiwa Chadema. Julai 2018 akatangaza kuhamia CCM. Septemba mwaka huohuo akagombea tena Ukonga kwa chama chake kipya, akashinda, na baada ya muda mfupi akateuliwa naibu waziri katika TAMISEMI. Ilipofika 2020 akarudi nyumbani kuchuana na mbunge aliyekuwa akitetea kiti, John Heche wa Chadema, na Tume ya Uchaguzi ikamtangaza Waitara mshindi. Mtu mmoja, miaka kumi, vyama viwili, majimbo mawili, na safari ikaishia ilikoanzia.

Huyo Nyangwine aliyemshinda mwaka 2010 anajulikana na maelfu ya Watanzania ambao hawajawahi kukanyaga Tarime. Jina lake limechapwa kwenye majalada ya vitabu vya kiada na vya mazoezi ya mitihani ambavyo wanafunzi wa sekondari wamevisoma nchi nzima.

Kuhama jimbo, kwa upande wake, si kioja kwa wanasiasa wa Tarime. Kisyeri Chambiri, aliyewahi kuwa mbunge wa Tarime, alichaguliwa mwaka 2010 kuwa mbunge wa Babati Mjini, mkoani Manyara.

Je, wajua ni kwa nini anayerudi hurudi na kadi nyingine badala ya kurudi peke yake? Jibu limo kwenye Katiba. Tanzania haina mgombea binafsi: anayetaka ubunge sharti awe mwanachama wa chama na adhaminiwe na chama hicho. Tena mbunge akiacha chama kilichompeleka bungeni, kiti kinabaki wazi. Kwa hiyo mwanasiasa mwenye watu wake kijijini, mwenye ukoo unaomwamini na jina linalojulikana kila gulio, bado hana mlango wa kuingilia ila wa chama. Akigombana na chama, au chama kikikatwa mbawa, inabidi abishe hodi kwingine. Wapo wanaowaita watu hao wasaliti, na wapo wanaowaita wajanja. Mimi naona sheria ndiyo iliyojenga chumba chenye mlango wa aina moja, na ni haki kuuliza habari za aliyekijenga kabla ya kuwalaumu wanaopita humo.

Aliyepambana na mlango huo kuliko wote ni Mchungaji Christopher Mtikila wa DP. Alidai haki ya mgombea binafsi mahakamani tangu miaka ya 1990. Mahakama Kuu ilimpa ushindi, Mahakama ya Rufani ikaukataa mwaka 2010, naye akaenda Arusha kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Tarehe 14 Juni 2013 mahakama hiyo ikasema Tanzania imekiuka haki zake. Mtikila alifariki mwaka 2015 mgombea binafsi akiwa bado hajaruhusiwa.

Mtikila ana ukurasa wake katika historia ya Tarime pia, nao ni wa damu. Mwaka 2008 alikwenda huko kwenye kampeni za uchaguzi mdogo, akazungumzia kifo cha mbunge aliyekuwa akiombolezwa, na umati ukampiga mawe hadi akajeruhiwa.

Mbunge huyo alikuwa Chacha Zakayo Wangwe. Alilitwaa jimbo la Tarime kwa Chadema katika uchaguzi wa tarehe 14 Desemba 2005, wakati ambapo kwingi nchini CCM ilikuwa inazoa viti kwa kishindo cha mgombea wake wa urais, Jakaya Kikwete. Wangwe alikuwa Makamu Mwenyekiti wa Chadema upande wa Bara, lakini katikati ya 2008 alisimamishwa wadhifa huo kwa mgogoro wa ndani ya chama. Tarehe 28 Julai 2008, akitoka Dodoma, gari lake lilipata ajali Pandambili, wilayani Kongwa, akafa. Maswali yalikuwa mengi kiasi kwamba mazishi yake huko Kemakorere yalicheleweshwa mpaka mwili ulipochunguzwa mara ya pili. Chadema ilikwenda kwenye uchaguzi mdogo wa tarehe 12 Oktoba 2008 ikiwa inatazamwa kwa jicho la shaka na baadhi ya waombolezaji wenyewe, lakini mgombea wake, Charles Mwera, akamshinda Christopher Kangoye wa CCM. Miaka miwili baadaye Mwera hakuwa tena na Chadema. Alisimama kwa CUF akashindwa.

Je, wajua kwamba jina la Wangwe lilirudi kwenye mambo ya uchaguzi bila kugombea chochote? Mwanawe, Bob Chacha Wangwe, alifungua shauri kupinga utaratibu wa wakurugenzi wa halmashauri kuwa wasimamizi wa uchaguzi. Hoja yake ilieleweka na kila mtu aliyewahi kusubiri matokeo nje ya ofisi ya halmashauri: mkurugenzi anateuliwa na rais, rais ni mwenyekiti wa chama kinachogombea, na mkurugenzi huyohuyo ndiye anayetangaza nani kashinda. Mei 2019 Mahakama Kuu ilikubaliana naye. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, na uchaguzi wa 2020 ukasimamiwa na wakurugenzi kama zamani. Naye akashika njia ya Arusha kama Mtikila, na Juni 2023 Mahakama ya Afrika ikaona kwamba malalamiko yake yana msingi. Baba alikuwa mtu wa jukwaani. Mwana alichagua mahakama.

Ili kujua kwa nini shauri hilo lina uzito, yafaa kuiangalia karatasi yenyewe. Kura Tanzania huhesabiwa kituoni, mara nyingi kwenye darasa la shule ya msingi, madawati yakiwa yamesogezwa ukutani. Sanduku linafunguliwa, karatasi moja moja inanyanyuliwa na kuonyeshwa mawakala wa vyama, jina linasomwa, karatasi inawekwa kwenye fungu lake. Kama mkono wa mpiga kura ulitetemeka au alama ikapita mstari, mawakala wanabishana. Mwishowe tarakimu za ubunge zinaandikwa kwenye Fomu Namba 21B, mawakala wanatia saini, nakala inabandikwa nje ya kituo. Mpaka hapo kila mtu ameona kwa macho yake. Mashaka huanza fomu zinapoondoka kijijini kwenda kujumlishwa. Wakala aliyekosa nakala ya 21B hana la kumwonyesha jaji, ndiyo maana vyama makini huwafundisha mawakala wao kuishika karatasi hiyo kuliko simu zao.

Anayepinga matokeo ya ubunge anaweza kwenda Mahakama Kuu ndani ya siku 30. Lakini sheria iliyotumika 2015 na 2020 ilimtaka kwanza aweke dhamana ya gharama inayoweza kufika shilingi milioni 5 kwa kila anayemshitaki. Linganisha na amana ya kugombea ubunge wenyewe, shilingi 50,000 pamoja na wadhamini wasiopungua 25. Kuingia ulingoni ni rahisi mara mia kuliko kulalamika ukishaangushwa.

Je, wajua kwamba mbunge wa kwanza kabisa wa Tarime Mjini alikuwa mwanamke? Jimbo la Tarime liligawanywa kabla ya uchaguzi wa 2015, likawa la Mjini na la Vijijini. Esther Matiko, aliyekuwa mbunge wa viti maalumu tangu 2010, aliomba la Mjini kwa Chadema akamshinda Michael Kembaki wa CCM. Katika jamii ambayo wazee wa mila, wote wanaume, bado wana sauti nzito katika mambo ya koo, ushindi huo ulistahili kuandikwa kwa wino mzito zaidi ya ulivyoandikwa.

Muhula wake haukuwa wa raha. Novemba 2018 alifutiwa dhamana pamoja na mwenyekiti wake, Freeman Mbowe, katika kesi iliyotokana na maandamano ya Februari mwaka huo jijini Dar es Salaam. Walikaa gereza la Segerea zaidi ya siku 100, mpaka tarehe 7 Machi 2019. Hesabu kidogo hapa: washitakiwa wa kesi hiyo walikuwa tisa, na watatu kati yao walikuwa wabunge wa mkoa wa Mara, yaani Matiko, Heche na Ester Bulaya wa Bunda Mjini. Machi 2020 walihukumiwa kulipa faini iliyofikia jumla ya shilingi milioni 350, na wafuasi wakachangishana nchi nzima ili watoke. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ikafuta hukumu hiyo.

Kembaki hakuwa amekaa kimya. Tarehe 28 Oktoba 2020 alirudi kuchuana na Matiko yuleyule kwenye jimbo lilelile, mbunge anayetetea dhidi ya mpinzani aliyeshindwa miaka mitano nyuma, na safari hii akatangazwa mshindi. Chadema ilikataa matokeo ya uchaguzi huo nchini kote. Katika majimbo yote ya Tanzania, chama hicho kilitangazwa mshindi katika moja tu, Nkasi Kaskazini. Mkoani Mara, ambako mwaka 2015 kilikuwa na majimbo manne kati ya kumi, kilibaki mikono mitupu. Uchaguzi unaogeuka kiasi hicho ndani ya miaka mitano unadai maelezo, na wapiga kura wa Tarime hawajapewa maelezo yanayolingana na mgeuko huo.

Matiko alirudi bungeni kwa mlango mwingine. Tarehe 24 Novemba 2020 alikuwa miongoni mwa wanawake 19 walioapishwa na Spika Job Ndugai kuwa wabunge wa viti maalumu wa Chadema, huku uongozi wa chama ukisema haukuwateua. Chama kiliwafukuza siku chache baadaye, wao wakaendelea kuketi bungeni kipindi chote. Mwaka 2025 Matiko aliwania tena Tarime Mjini, akiwa mgombea wa CCM. Waitara, Oketch, Matiko: watatu hao, kwenye mpaka mmoja, wamerudi wakiwa na tiketi ya chama kilichowaangusha.

Tukivuka kwenda wilaya ya Serengeti, makao yake Mugumu, kinyang'anyiro kina sura nyingine. Mwaka 2015 mbunge aliyetetea kiti alikuwa Dk. Stephen Kebwe wa CCM, naibu waziri wa afya. Aliangushwa na Marwa Ryoba Chacha wa Chadema. Kisha likaja wimbi la mwaka 2018 la wabunge wa upinzani kujiuzulu na kusema wanaunga mkono juhudi za Rais John Magufuli. Ryoba alikuwa mmoja wao. Kiti kikawa wazi, uchaguzi mdogo ukaitishwa, CCM ikamsimamisha Ryoba yuleyule, naye akapita bila kupingwa. Wananchi wa Serengeti wakabadilishiwa chama cha mbunge wao bila kuulizwa hata kwa karatasi moja. Mwaka 2020 mgombea wa CCM hakuwa yeye. Alikuwa Jeremiah Mrimi Amsabi, aliyeshinda dhidi ya Catherine Ruge wa Chadema.

Je, wajua kinachozungumzwa kwenye kampeni huko? Tembo. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ina ukubwa wa kilomita za mraba 14,763, na vijiji vilivyo kandokando yake hulala macho msimu wa mavuno. Serikali hulipa kile kinachoitwa kifuta jasho kwa mazao yaliyoliwa na kifuta machozi kwa familia iliyopoteza mtu. Kwa kanuni za mwaka 2011, kifuta machozi cha mtu aliyeuawa na mnyama kilikuwa shilingi milioni 1. Mgombea anayesimama Mugumu bila kuwa na jibu la tembo hamalizi mkutano wake kwa amani.

Jambo jingine ni barabara. Kikwete aliahidi kwenye kampeni barabara ya kuunganisha Mugumu na Loliondo ikipita kaskazini mwa hifadhi. Kwa mtu wa Mugumu ilikuwa njia ya kufika Arusha bila kuzunguka. Kwa wahifadhi ilikuwa kisu katika njia ya nyumbu wanaohama. Shirika la kutetea wanyama kutoka Kenya, ANAW, lilifungua shauri Desemba 2010 kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki, na Juni 2014 mahakama ikazuia barabara ya lami kupita hifadhini. Sikumbuki ahadi nyingine ya jukwaani iliyofikishwa mbele ya mahakama ya kimataifa.

Tarime Vijijini nako hoja ni Nyamongo. Mgodi wa dhahabu wa North Mara ulioko hapo ulianza uzalishaji mwaka 2002, na tangu hapo fidia za ardhi, maji, na vijana wanaoingia mgodini kutafuta mawe yenye dhahabu ndizo zinazoamua nani ashangiliwe. Tarehe 16 Mei 2011 polisi waliua watu watano kwa risasi mgodini hapo. Mbunge yeyote wa jimbo hilo, awe wa kijani cha CCM au wa magwanda ya khaki ya Chadema, atapimwa kwa alichosema kuhusu Nyamongo, kuhusu nyumba za tegesha, yaani zinazojengwa haraka ili kutegea fidia, na kuhusu nani analipwa.

Majirani nao wana yao. Musoma Mjini, Vedastus Mathayo wa CCM alikuwa mbunge tangu 2005, akaangushwa na Vincent Nyerere wa Chadema mwaka 2010, akarudi 2015 na kumwangusha aliyemwangusha, mwaka uleule ambao Tarime na Serengeti zilikuwa zinakwenda upinzani.

Bunda ndiko kwenye hadithi ndefu kuliko zote. Stephen Wasira aliingia bungeni mwaka 1970 akiwa kijana wa miaka 25. Mwaka 1995 alihamia NCCR-Mageuzi na kumshinda Joseph Warioba, aliyewahi kuwa waziri mkuu. Warioba alikwenda mahakamani, na ushindi ukafutwa. Wasira akarudi CCM, akawa mbunge wa Bunda kuanzia 2005, akaangushwa na Bulaya mwaka 2015. Warioba, kwa upande wake, aliongoza Tume ya Mabadiliko ya Katiba, na rasimu yake ilipendekeza mgombea binafsi, ukomo wa mihula mitatu kwa mbunge, na haki ya wapiga kura kumwondoa mbunge kabla ya muda wake. Mtu aliyewahi kupokonywa kiti na mpinzani aliyehama chama ndiye aliyetaka mlango wa pili uwekwe. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 kuhusu Katiba mpya haikufanyika.

Je, wajua kwamba katika wiki moja ya Januari 2025 vyama viwili vikubwa vya Tanzania vilichagua makamu wenyeviti wa Bara, na wote wawili ni watu wa Mara walioangushwa kwenye ubunge? CCM ilimchagua Wasira mjini Dodoma. Siku chache baadaye Chadema ikamchagua Heche jijini Dar es Salaam, kwenye nafasi ileile aliyoishika Chacha Wangwe.

Heche hakurudi kuchuana na Waitara mwaka 2025. Chadema ilishikilia kwamba hakuna uchaguzi bila mabadiliko, ikakataa kutia saini kanuni za maadili ya uchaguzi, na mwezi Aprili Tume ya Uchaguzi ikakiondoa chama hicho kwenye uchaguzi wa mwaka huo. Kwa wapiga kura wa Sirari na Nyamongo, mchuano wa marudio kati ya wawili hao bado haujafanyika.